Hit sio kupiga tu jamani

Kuna vijana wanakuja hapa steshenari, huku pembeni ya UDOM, wanataka kazi zao zigeuzwe toka Kiingereza kwenda Kiswahili, na mimi nafanya hiyo kazi kati ya kutoa kopi na kulamineti vyeti vya watu. Sasa neno linalonigombanisha na wateja wala sio yale magumu ya sheria au ya afya, ni hili la herufi tatu, hit. Kila mtu anajua hit ni piga, tangu shule ya msingi tumeambiwa hivyo, kwahiyo unakuta mtu kaandika "ukame ulioipiga Dodoma" na ukimwambia hapo weka "ulioikumba" anakuangalia kama vile unamtafutia sababu ya kuongeza bei.

Alafu kabla hamjaanza, najua kuna wanaopenda ile habari ya piga ilivyo na maana mia, piga simu piga pasi piga deki piga kura piga stori, hiyo imeshaandikwa sana. Mi nataka upande wa pili, yani hit yenyewe ya Kiingereza ina nini ndani.

Ukifungua kamusi kubwa za Kiingereza zinazoeleza asili ya maneno utakuta hit ni mgeni pale. Lilikuja na watu wa Skandinavia, wale Waviking waliovamia Uingereza karne ya 8 na ya 9 na wengine wakabaki hukohuko wakaoa wakalima, na kwenye lugha yao hitta ilikuwa ni kukuta kitu, kukutana nacho. Mpaka leo Mswidi akisema hitta anamaanisha amekipata kile alichokuwa anakitafuta, hakuna ngumi hapo. Waingereza wenyewe walikuwa na neno lao la zamani la kupiga, likaja kukomaa likawa slay, yaani kuua, ndo hit likapata nafasi ya kukaa.

Ukishajua hilo mambo mengi yananyooka. Dogo na manati yake akirusha jiwe kwa njiwa anaweza kusema "nimepiga nikakosa" na Kiswahili chake ni safi kabisa, kwa sababu piga ni kile ulichokifanya wewe, kufika au kutofika ni habari nyingine. Kwa Kiingereza huwezi kusema ume-hit njiwa alafu ukamkosa, kama uli-hit basi jiwe limefika, na sisi hapo tunasema nini? "Nimempata." Ndo hiyo hiyo hitta ya Waviking. Nenda uwanja wa Jamhuri uone, straika anapiga shuti, mpira unagonga mwamba, uwanja mzima unashika kichwa. Kwa Kiingereza kupiga pale ni shoot, na hit ndo ile ya mwamba, "he hit the post". Sasa mwanafunzi anayeandika "aliupiga mwamba" kamsingizia straika kosa ambalo hakuwa na nia nalo.

Hata wale wa besiboli ya Marekani ni hivyohivyo, kuugusa mpira kwa lile gongo hakutoshi kuandikiwa hit, lazima ufike salama kwenye kituo cha kwanza angalau, ukidakwa hewani hesabu haipo.

Kwenye ajali ndo kuna vituko. Gari linagonga, halipigi. Nilishaletewa maelezo ya mtu yamegeuzwa na programu ya simu, "alipigwa na bodaboda", nikamuuliza mwenyewe sasa hapa umeumia au umeibiwa, maana siku hizi ukisema umepigwa na bodaboda watu wataelewa dereva kakuchapa makofi, au wataelewa kakutapeli hela yako ya chenji, kugongwa na pikipiki ni wazo la tatu kama litakuja kabisa. Na hayo maelezo yalikuwa ya kudai bima! Hit-and-run hivyohivyo, ni kugonga na kukimbia.

Ila inayonifurahisha mimi ni "hit it off". Watu wawili wamekutana leo tu, wakapiga stori, wakaelewana moja kwa moja, Mwingereza anasema they hit it off, na Kiswahili chake ni walipatana. Pata tena! Na "hit on an idea" ni kupata wazo. Hapo kaa macho lakini, maana hit on ikifuatiwa na mtu badala ya wazo ni kutongoza, "he hit on my sister" sio kesi ya kupeleka dawati la jinsia kwamba dada kapigwa, ingawa inategemea na jinsi alivyomtongoza.

Halijoto nayo ina-hit thelathini, hapo ni kufika tu. (Hit na heat kwenye midomo yetu vinatoka sawasawa, Kiswahili kina irabu tano na hatuna haja ya kujitesa, Oktoba ya Dodoma inaeleweka kwa matamshi yoyote.)

Wimbo ukihit ni kwamba umewafikia watu, umewapata, na huko mtaani hatuna shida nalo, tunasema ngoma imehit na maisha yanaendelea. Shida ilikuwa zile enzi za mablogu watu wakijisifia "hits" elfu hamsini kwa siku. Hit kwa watu wa mitandao ni kila ombi linalofika kwenye seva, sasa ukurasa mmoja wenye picha ishirini, mtu mmoja akiufungua mara moja tu, zinahesabika hits ishirini na moja, ishirini za picha na moja ya ukurasa wenyewe, kwahiyo ukijaza mapicha unakuwa maarufu bila kuongeza msomaji hata mmoja. Matangazo mengi yaliuzwa kwa hesabu ile.

Beat ni neno lingine, ni kupiga tena na tena, na ndo maana mapigo ya moyo ni beat wala sio hit. Pia ni kushinda, ila kwenye mpira tunasema kufunga, au kama una hasira na timu yako, "tumepigwa tatu".

Kitu cha mwisho kwa mnaofanya mitihani, hit haibadiliki, ni hit hit hit, hakuna "hitted", naiona kila wiki. Kwa hiyo "they hit" inaweza kuwa leo inaweza kuwa jana, utajua kwa maneno ya jirani, lakini "he hit" bila s mwishoni hiyo ni ya wakati uliopita tu, ikiwa ya sasa ingekuwa "he hits". Msimamizi wa tasnifu mmoja alirudisha sura nzima kwa ajili ya hiyo s.