Siku yangu gereji: haibridi iliyohukumiwa kifo na petroli inayokohoa

Saa 1:15 asubuhi

Magari yaliyolala ndani ni matatu. La kwanza ni haibridi, gari la injini ya petroli na mota ya umeme, kubwa ya kifahari, viti vya ngozi, lililoletwa jana limebebwa juu ya gari lingine. Juu ya dashibodi kuna karatasi ya gereji lilikotoka: "Betri kuu imekufa. Badilisha yote." La pili ni sedani ya petroli, silinda sita na turbo, inakohoa kila ikiwashwa ya baridi. La tatu ni haibridi pia, na ugonjwa wake ni wa usiku: likikaa siku tatu au nne bila kutembea, haliwaki.

Dogo ninayemfundisha kazi amefika kabla yangu na tayari kashika spana. Namwambia aiweke, achukue daftari.

Saa 1:40

Haibridi ikiwa imewashwa haisikiki. Taa ya READY ikiwaka, gari liko hai hata kama injini imenyamaza, na injini hiyo inaweza kujiwasha wakati vidole vyako viko kwenye mkanda. Kwa hiyo ufunguo unakwenda kwenye droo ya chuma upande wa pili wa gereji, mbali na gari. Nimeihubiri sheria hii mpaka dogo anaimalizia sentensi kabla yangu.

Nachomeka skana. Makosa yaliyohifadhiwa ni mawili: P0A80 na P0A82. La kwanza maana yake ni "badilisha betri ya haibridi", na nadhani aliyeandika ile karatasi aliishia hapo. La pili linahusu feni ya kupoza betri. Nafungua kumbukumbu ya kila kosa, ile picha ya hali ya gari dakika kosa lilipotokea, na naona kosa la feni lilitangulia kwa mamia ya kilomita. Ukifuta makosa kabla ya kunakili hizi namba umechoma ushahidi. Dogo anaandika: joto la betri nyuzi 51, feni kasi ya mwisho, ndani ya gari nyuzi 24.

Feni inazunguka kwa nguvu zote na betri bado inachemka. Basi hewa haipiti.

Saa 2:30

Tangu Prius ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1997, na Lexus RX 400h mwaka 2005, haibridi nyingi za Toyota na Lexus zimekuwa zikipoza betri kwa hewa ya ndani ya gari, ile ile anayopuliziwa abiria. Tundu la kuvutia hewa liko ubavuni au chini ya kiti cha nyuma, na mara nyingi nyuma yake kuna chujio dogo. Nalifungua hili kwa bisibisi ya plastiki, dogo anamulika tochi.

Linatoka kipande kizima, kama blanketi. Vumbi, nyuzi za sweta, na manyoya meupe ya mbwa yaliyojisokota mpaka huoni wavu uko wapi. Nalishika kwenye mwanga wa dirisha: hakuna hata tundu moja linalopitisha mwanga. Naweka mdomo, napuliza, pumzi inanirudia usoni.

Chujio linaoshwa, lakini manyoya yaliyopenya yamezunguka mapanga ya feni, na feni iko karibu na volti mia mbili na kitu. Hapo nachukua glovu za volti 1,000. Kabla ya kuzivaa nakunja mkono wa glovu, nabana hewa ndani, naiweka karibu na shavu. Ikitoa pumzi hata kidogo, inatupwa. Nazima gari, naondoa betri ndogo ya volti 12, navuta plagi ya usalama ya rangi ya chungwa na kuitia mfukoni mwangu, asije mtu mwema akairudisha. Kisha tunakaa dakika 10, kwa sababu kapasita za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, hubaki na umeme hata baada ya plagi kutoka. Baada ya hapo napima. Mita ikisoma sifuri ndipo nagusa. Kwa mwenye gari ushauri wangu ni mfupi zaidi: chujio safisha mwenyewe, lakini waya wa rangi ya chungwa usiuguse hata ukiwa umezima gari.

Saa 4:20

Nimelirudisha na kulitembeza nusu saa. Joto limeshuka hadi nyuzi 36. Naangalia volti za kila kundi la seli huku nikikanyaga mafuta kwa nguvu: kundi dhaifu na kundi bora wanapishana volti 0.4. Ikizidi volti 1 chini ya mzigo, mimi huanza kuzungumzia kubadilisha. Hapa hatujafika.

Wakati boneti iko wazi nachungulia tangi la maji ya inveta. Ni tofauti na la injini, na wengi hulisahau. Gari likiwa kwenye READY maji yanapaswa kutikisika. Yakitulia, pampu yake ya umeme imekufa, na inveta itafuata.

Saa 5:00

Mama mwenye gari amefika. "Fundi, niambie tu, nimeshajiandaa."

"Mama, betri yako iko hai. Ila imepikwa kwa muda mrefu, siwezi kukuapia itaishi miaka mingapi."

Namuonyesha lile blanketi la manyoya. Anacheka, kisha anakasirika. Namwambia asifunike tena tundu la kiti cha nyuma kwa mizigo wala nguo, na chujio alikague kila oili inapomwagwa. Anauliza kama ni kweli breki za haibridi haziishi. Pedi zinadumu kweli, maana mota ndiyo inapunguza mwendo mara nyingi. Lakini kwa sababu hazifanyi kazi sana, pini za kaliper hukauka na kushika kutu, na pedi ya upande mmoja huisha huku ya upande wa pili ikiwa mpya. Zifunguliwe na kupakwa grisi yake kila mwaka.

Jambo moja zaidi, kwenye foleni asiweke N. Kwenye haibridi za aina yake, gia ikiwa N injini haiichaji betri kuu.

Saa 6:10 mchana

Sedani. Kosa ni P0302, silinda ya 2 inamis, yaani petroli yake haiungui inavyotakiwa. Kazi ya kwanza haihitaji kununua kitu: nahamisha koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, kutoka silinda ya 2 kwenda ya 5, nawasha. Kosa likihamia P0305, koili ndiyo mbovu. Halikuhama. Nahamisha plagi pia. Halikuhama.

Hapa ndipo mafundi wengi huanza kurusha vipuri gizani. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha sindano sita za petroli kwenye gari la mtu, na gari likaondoka linakohoa vilevile. Zile pesa nilizirudisha, na sijasahau ile sura.

Gari linamis likiwa baridi tu, likipata moto linatulia, na mgandamizo wa silinda ni mzuri. Injini hii inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha kama zamani. Mvuke wa oili unagandia juu yake mwaka hadi mwaka. Natoa manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, naingiza kamera ya waya mwembamba, na dogo anapiga mluzi: valvu ina ganda jeusi nene kama lami iliyokauka. Kabla injini haijapata moto, ganda hilo hunyonya petroli iliyokusudiwa kuungua na kuvuruga hewa inayoingia.

Saa 8:00

Tunazisafisha kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, magumu ya kutosha kung'oa ganda na laini ya kutosha kutokwaruza chuma. Silinda unayopuliza lazima valvu zake ziwe zimefunga. Nazungusha krenki kwa spana kidogo kidogo, namulika, nahakikisha, ndipo napuliza. Ukikosea, zile punje zinashuka juu ya pistoni. Kazi hii haina haraka, na dogo hapendi hilo.

Valvu za silinda ya 2 zinang'aa. Bado tano.

Saa 9:40

Mwenye sedani anapiga simu. Anasema kitabu kinamruhusu kumwaga oili kila kilomita 30,000. Namwambia kitabu hakikai kwenye foleni. Turbo inapikwa, mnyororo wa taimingi unaishi kwa oili hiyohiyo, na mvuke wa oili iliyochoka ndio tulioukuta kwenye valvu. Mimi namwaga kila kilomita 10,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Na kusoma 5W-30, yaani uzito wa oili, pekee haitoshi. Geuza kopo usome kiwango mgongoni, mfano Longlife-04 kwa BMW au 229.5 kwa Mercedes-Benz, kisha linganisha na kitabu cha gari lako.

Anauliza giaboksi, maana aliambiwa oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani? ZF, wanaotengeneza giaboksi za otomatiki za magari mengi ya aina hii, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Saa 10:45 jioni

Gari la tatu. Nalisogeza katikati ya gereji, nalizima, nafungua buti ilipo betri ya volti 12. Ni betri ndogo kwa sababu haizungushi stata. Kazi yake ni kuamsha kompyuta ili betri kubwa iunganishwe. Ikishuka, gari la thamani ya nyumba linashindwa hata kufungua mlango. Ikiwa imetulia na imejaa inasoma karibu volti 12.6. Hii ni 12.1.

Tunaichaji huku tukimalizia silinda za sedani.

Saa 12:15

Nazungushia waya wa betri mita ya koleo, ili nisikate umeme na kuziamsha kompyuta zote. Nafungia komeo la buti kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, kisha tunasubiri zilale. Dakika 30, wakati mwingine zaidi. Gari lenye afya huteremka chini ya miliampea 50.

Dakika 40. Linasoma miliampea 500. Kwa nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 haifikishi siku nne. Ugonjwa ndio huu. Nasogea kwenye boksi la fyuzi, napima moja moja bila kuzichomoa, nasoma tofauti ya milivolti juu ya kila fyuzi. Inayopitisha umeme ni ya ile kompyuta ya ufunguo usiochomekwa, ule unaowasiliana na gari kwa redio ukiwa karibu. Naanza kumwambia dogo kwamba labda moduli imeharibika, na moduli hiyo si ya bei ya mchezo.

Dogo ananitazama. "Fundi, ufunguo uko droo?"

Najipapasa ovaroli. Uko mfuko wa kifuani, nilipouweka nikisogeza gari.

Anauchukua, anaupeleka kwenye droo ya chuma bila kusema neno, anarudi. Tunakaa kimya dakika nyingine 35. Mita inashuka: 500, 180, 90, inatulia 22.

Saa 2:05 usiku

Nampigia mwenye gari. "Shikamoo mzee. Samahani kwa usiku. Ufunguo wa gari huwa unauweka wapi ukifika nyumbani?"

"Marahaba. Kwenye msumari ukutani, kwa nini?"

"Na gari unaliegesha wapi?"

Anakaa kidogo. "Upande wa pili wa huo ukuta."