Sehemu ya Mengineyo niliyoiacha tupu

Ijumaa, saa 3 usiku.

Leo nimekabidhi ofisi. Tangu saa 4 asubuhi hadi karibu saa 9 alasiri tulikuwa watu watano katika chumba kile kidogo cha mwalimu mkuu: mimi, msaidizi wangu ambaye ndiye aliyeteuliwa kushika nafasi yangu, Afisa Elimu Kata, mwenyekiti wa kamati ya shule na mtendaji wa kijiji. Tulihesabu madawati, vitabu vya kiada darasa kwa darasa, majembe, ndoo za kunawia mikono, matundu ya vyoo, na magunia ya mahindi yaliyobaki baada ya uji wa wiki hii. Funguo 11 zilipita mezani mmoja mmoja, na kila ufunguo ulipopita nilitaja mlango wake. Ule wa stoo ilibidi tuinuke wote twende hadi mlangoni, nimwonyeshe msaidizi wangu namna ya kuuvuta mlango kwa mkono wa kushoto kabla ya kuzungusha ufunguo, kwa sababu kitasa kile kimelegea na ukikilazimisha ufunguo hukatikia ndani. Mwisho nilitoa muhuri, nikaugonga mara moja kwenye karatasi chakavu ili kuhakikisha kwamba bado unasomeka, nikamsogezea.

Taarifa ya makabidhiano ina kurasa tisa, na sehemu yake ya mwisho imeandikwa "Mengineyo", ikiwa na nusu ukurasa mtupu chini yake. Nilishika kalamu, nikafikiri, kisha nikaandika "Hakuna" na kutia saini. Neno hilo halijaniacha tangu mchana. Wakati tunahesabu vitabu vya darasa la kwanza, msaidizi wangu alikuwa ameniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, yule mwalimu wa darasa la kwanza nimwache hapo hapo?" Kabla sijajibu, Afisa Elimu Kata akasema tuendelee na kipengele kinachofuata, kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda, nami nikamwambia kijana wangu kwamba tutazungumza. Swali lile, miongoni mwa yote yaliyosemwa leo chumbani mle, ndilo pekee lililohusu kazi ya kuongoza shule. Mengine yote yalihusu mali.

Niliteuliwa kuwa mwalimu mkuu mwaka 2009, nikiwa nimefundisha zaidi ya miaka 20. Barua ya uteuzi ilikuwa na aya tatu. Nilikuwa mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakifaulu. Hakuna aliyeniuliza kama ninaweza kuwaongoza watu wazima 12, wengine wao wakiwa wamenitangulia kazini. Aliyenikabidhi ofisi alikuwa na haraka ya kuwahi basi la kwenda kituo chake kipya. Alinipa muhuri, kitabu cha hundi na mafaili, akaniombea kwa Mungu, akaondoka. Wiki ya kwanza nilikaa katika kiti kile nikisubiri mtu aje aniambie nifanye nini, mpaka nilipotambua kwamba mtu anayesubiriwa na wote ni mimi.

Watu wa nje hudhani kwamba ualimu mkuu hapa Tanzania ni ngazi ya juu ya utumishi wetu. Sivyo ulivyo. Mwalimu hupanda daraja kwa kufuata muundo wa utumishi wake, na masuala ya kuthibitishwa kwake kazini, kupandishwa daraja na nidhamu yamo mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Ualimu mkuu ni madaraka, nayo madaraka huja kwa barua na huondoka kwa barua. Ndiyo maana unaweza kumkuta mwalimu mkuu mwenye daraja la chini kuliko mwalimu wa darasa la tatu anayemwongoza, na wote wawili wanalijua jambo hilo kila wanapopishana mlangoni. Posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ambayo sisi wa shule za msingi tulianza kulipwa baada ya elimu bila malipo kuanza, ilisaidia, na ninaishukuru. Lakini nayo hubaki na kiti. Nimewaona wenzangu wawili wakivuliwa madaraka baada ya matokeo mabaya na kurudi kushika chaki katika shule zile zile, mbele ya wanafunzi wale wale waliokuwa wakiwapigia saluti mstarini. Hofu ya jambo hilo huwafanya walimu wakuu wengi waongoze shule wakiangalia karatasi moja tu, ile ya matokeo ya darasa la saba. Mimi nilikuwa mmoja wao, na hapo ndipo linapoanzia jibu la swali la kijana wangu.

Katika miaka yangu ya mwanzo niliwapanga walimu kama walivyopangwa na walionitangulia. Walimu hodari niliwaweka darasa la saba na la sita. Aliyechoka, aliyekaribia kustaafu, mgonjwa, au aliyekuwa na kesi ya utoro kazini, nilimpeleka darasa la kwanza. Sikuona kosa lolote, kwa kuwa mtihani wa Taifa ungefanywa na darasa la saba, na mimi ningeulizwa habari za darasa la saba. Kisha ukaja mpango wa Serikali wa Matokeo Makubwa Sasa mwaka 2013, na shule zikaanza kupangwa kwa matokeo yao ya mtihani katika rangi ya kijani, njano na nyekundu, nyekundu ikiwa ya chini. Sisi tuliangukia nyekundu. Niliitisha kikao cha walimu, nikaibandika orodha ukutani, na nikasema maneno ambayo hata leo naona aibu kuyaandika. Mwalimu wa darasa la sita, mtu mpole asiyependa mabishano, aliniuliza jambo moja tu: "Mkuu, uliwahi kuingia darasa la pili?" Nilijibu kwa ukali kwamba mimi hukagua maandalio yote ya masomo kila Jumatatu. Akasema ahsante, akakaa.

Miezi michache baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya uongozi yaliyotolewa na wakufunzi wa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ule wenye makao yake Bagamoyo. Ilikuwa miaka mitano tangu nishike ofisi. Mengi tuliyofundishwa kuhusu kumbukumbu za fedha nilikuwa nimekwisha kuyajua kwa kukosea, lakini zoezi moja lilinigusa: kila mmoja wetu aliambiwa akirudi shuleni kwake akae nyuma ya darasa dakika 40 bila kusema neno, kisha aandike alichokiona kwa watoto, wala si kwa mwalimu.

Nilichagua darasa la pili. Palikuwa na watoto 74, wanne wanne katika madawati ya watu watatu, na wengine sakafuni. Mwalimu alimsimamisha mvulana mmoja asome. Mtoto alisoma kwa sauti kubwa isiyo na woga, huku kidole chake kikitembea chini ya mistari, na wenzake wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu, nami nikaona kwamba kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa ameyakariri maneno na hata mapumziko yake, na kidole kilikuwa kikipita juu ya habari nyingine. Baada ya kipindi nilimwita chini ya mwarobaini, nikaandika "baba" kwenye mchanga kwa kijiti. Aliniangalia usoni muda mrefu, akijaribu kulisoma jibu huko.

Januari iliyofuata nilimtoa mwalimu wangu bora wa Kiswahili darasa la saba nikampeleka darasa la kwanza. Alikuja ofisini macho yakiwa mekundu. "Mkuu, nimekosa nini?" Hilo ndilo swali lake la kwanza, na halikuwa la ajabu, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimelifanya darasa la kwanza kuwa adhabu. Nilimwambia ukweli wote, pamoja na habari ya mvulana na mchanga, na nikamwahidi kwamba vipindi viwili kwa siku ningekuwa nikiingia naye. Ikawa bahati kwetu kwamba mwaka ule wa 2015 ndio ulioleta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, hivyo hatukuwa tukienda kinyume na mkondo. Lakini matokeo ya darasa la saba yalishuka mwaka ule, nami nikatakiwa kujieleza kwa maandishi. Nilijieleza. Barua yangu ilikuwa na kurasa mbili, na sijapata kuandika barua nyingine kwa moyo mtulivu namna ile.

Sitaki kuisimulia habari hii kana kwamba kila kitu kilinyooka. Januari 2016 elimu bila malipo ilianza, na darasa la kwanza lililozoea kupokea watoto 80 likapokea 190. Wengine walikuwa na miaka kumi na moja, na walikuwa hawajapata kukaa darasani. Niliwaona mama zao wakiwa wamejipanga dirishani kwangu tangu alfajiri, wamefunga vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki kwenye pindo za kanga, na niliona furaha ambayo siwezi kuilalamikia hata kidogo. Lakini mwalimu yule wa Kiswahili alikuwa mmoja. Tuligawanya watoto katika mikondo miwili, mmoja asubuhi na mwingine mchana, na ule wa mchana niliufundisha mimi hadi likizo ya Juni, jambo lililofanya mafaili yangu yachelewe na nilaumiwe tena.

Na fedha nazo zina somo lake. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu. Kwa wanafunzi wetu 612, shule hupata shilingi 306,000 kwa mwezi, na katika hizo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na uendeshaji wa ofisi. Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, baadhi ya wazazi walielewa kwamba hata debe la mahindi ya uji ni haramu, na kwa wiki tatu watoto walishinda njaa. Nilijifunza wakati huo kwamba mwalimu mkuu hapaswi kuwa yeye anayeomba. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba aje shuleni saa 7 mchana asimame nami uwanjani bila kusema lolote. Alisimama robo saa akiwaangalia watoto waliolala chini ya miti. Mkutano wa kijiji uliitishwa wiki ile ile, wananchi wakapanga wenyewe, wakakusanya wenyewe, na stoo wakaishika wao hadi walipoamua kunirudishia ufunguo. Ndio ule wenye kitasa kilicholegea.

Haya yote hayana safu katika taarifa ya makabidhiano. Mwalimu mkuu mpya anajua sasa kwamba ana madawati 187 na upungufu wa walimu watano, kwa kuwa tunao tisa tu, na kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Hajui kwamba mwalimu wa darasa la tano huwa mkali zaidi anapokuwa amekwama katika mada, na kwamba ukimwuliza faraghani atakubali kusaidiwa. Hajui ni mjumbe gani wa kamati anayenyamaza kikaoni na kusema njiani. Ningependa siku moja Serikali yetu itoe hata mwezi mmoja wa kukaa pamoja, anayeondoka na anayeingia, katika shule ile ile, kabla ya saini kuwekwa. Sasa tunapokezana watoto mia sita kwa saa tano, na katika saa hizo tunahesabu majembe.

Jibu la swali la kijana wangu ni ndiyo, amwache hapo hapo. Mwalimu yule wa darasa la kwanza alifundishwa kazi na yule wa Kiswahili kabla hajastaafu, na watu watamshauri kijana wangu amhamishie darasa la saba mara tu shule itakapopata matokeo mabaya ya kwanza. Nimemwandikia hivyo katika daftari la mistari, pamoja na sababu zake, na chini yake nimeorodhesha watoto 14 wa darasa la pili ambao hadi jana walikuwa hawajaweza kusoma sentensi moja. Kila jina nimeliwekea maneno mawili matatu: nani haoni vizuri ubaoni, nani huchunga ng'ombe Alhamisi, siku ya mnada, nani analelewa na bibi. Wa tisa ni msichana anayesoma vizuri kabisa akiwa peke yake nami barazani, lakini mbele ya wenzake hufunga mdomo. Pembeni ya jina lake nimeandika kwamba asiitwe mbele kwanza, aketi karibu na dirisha, na asomeshwe baada ya kengele ya mwisho, wenzake wakiwa wamekwenda kuchota maji. Jumatatu nitampelekea daftari hilo kabla ya mstari wa asubuhi.