Karai la Ballarò

Tulikuwa ndani ya treni ya usiku kutoka Rome kwenda Palermo. Mama alikunja mtandio wake, akauweka mapajani, kisha akaniambia kwa upole kabisa: “Mwanangu, nashukuru kwa yote ulonionyesha. Lakini tangu nitoke Mombasa sijala nikashiba.”

Maneno yale yalinichoma. Mwaka mzima nilidunduliza mshahara wangu wa Munich ili nimlete, na viza yenyewe tuliipata kwa jasho, wiki tatu tu, Septemba 2018. Nilimpangia njia niliyoiota tangu shuleni: Vienna, Venice, Rome, halafu Palermo, kule kisiwani Sicilia. Majumba aliyaona, mifereji aliiona, picha tukapiga hadi simu ikajaa. Chakula ndicho kilichotushinda.

Kosa lilikuwa langu. Mama amekaanga viazi karai na bajia barazani kwetu Mji wa Kale kwa zaidi ya miaka 30, na mtu wa karai hachagui chakula kwa kusoma. Huangalia mafuta. Huangalia ni nani anayekula. Mimi nilikuwa nikichagua mikahawa kwa simu, ile iliyo karibu na vivutio, yenye sifa nyingi za wageni kama sisi. Katika mmoja wa miji ile tulikaa kando ya uwanja maarufu, kwenye mkahawa wenye menyu ya picha. Tukaletewa mkate tusioagiza, tukatozwa. Tukatozwa na kile kiti tulichokalia. Mama aliletewa tambi za kamba; akala kamba watatu, akafunika sahani kwa kitambaa. “Kamba hawa wamekufa mara mbili,” akasema, maana alijua kwa ulimi tu kwamba walikuwa wamegandishwa, wakayeyushwa, wakagandishwa tena. Siku nyingine tukikwepa nguruwe huku na mvinyo kule, tuliishia kwenye pizza ya jibini tupu. Mkobani alikuwa na chupa ndogo ya pilipili ya ukwaju aliyoipika mwenyewe kabla ya safari, na kila mlo aliitoa, akatia matone mawili matatu, akala kwa adabu.

Masoko aliyapenda. Pale Naschmarkt, Vienna, alitembea taratibu kati ya mapipa ya zeituni na kabichi iliyochachuliwa. Pale Rialto, Venice, nilimwonyesha bamba la jiwe ukutani lililochongwa majina ya samaki na urefu wa chini unaoruhusiwa kuuzwa, kila samaki na kipimo chake. Alisimama mbele ya lile bamba muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya kanisa lolote. “Hawa walijua,” akasema. “Samaki mdogo ukimvua leo, kesho huna bahari.” Lakini hatukuwa na jiko. Soko tulilitazama kwa macho, kisha tukaenda kula pengine, vibaya.

Alfajiri treni ilisimama Villa San Giovanni. Mabehewa yakakatwa mafungu mafungu, yakaingizwa ndani ya feri, nasi tukiwa ndani yake, tuvushwe mlango wa bahari hadi Messina. Nilijua jambo hilo, sikumwambia Mama makusudi. Tulipopanda ngazi hadi juu, upepo wa chumvi ukampiga usoni, akashika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili. Huyu ni mtu aliyevuka kwa feri ya Likoni, kule Mombasa, maisha yake yote. Alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu atue Ulaya. “Likoni ya kubeba treni!” Nikaona kwamba pengine safari bado haijaharibika.

Palermo tulifika kabla ya adhuhuri. Nyumba niliyokodi ilikuwa karibu na stesheni, na mwenye nyumba alitaja soko la Ballarò, mwendo wa dakika kumi. Safari hii sikufungua simu. Nilimwambia Mama, “Leo wewe ndiye utakayechagua.”

Ballarò huanza kusikika kabla hujaiona. Wachuuzi wa kule wana namna yao ya kunadi. Kwa Kisicilia huiita abbanniata. Wanavuta neno, wanalipandisha, wanalikata ghafla, na mwenzake wa upande wa pili anadakia. Mama alisimama kwenye kona. Hakuelewa neno hata moja, lakini niliona mabega yake yakilegea. Ilikuwa kama asubuhi ya soko la Kongowea kwetu, malori yanaposhusha vitunguu.

Tukaingia. Turubai nyekundu zilikuwa zimefunika njia, na jua likipita humo lilipaka kila kitu wekundu: nyanya, nyuso, barafu ya samaki. Kichwa cha nduaro kilikuwa kimesimamishwa juu ya meza, upanga wake ukielekea angani. Kulikuwa na mabiringani ya mviringo makubwa kama vichwa vya watoto, ya zambarau iliyopauka. Kulikuwa na konokono hai kwenye makapu, wakipanda ukingoni na kurudishwa kwa kiganja. Hapo Mama alipita haraka. Halafu akanishika mkono. Mwanamke mmoja mzee alikuwa akinunua fungu la majani, mikunjo ya kijani yenye vikonyo vyembamba, na kando ya majani yale mamung'unya marefu kuliko mkono wangu.

“Yale ni majani ya mung'unya,” Mama akasema.

“Ndiyo. Wanayaita tenerumi.”

“Kumbe nao wala majani!” Akamsogelea yule bibi, akagusa fungu, akafanya ishara ya kuchuma na kumenya nyuzi za kikonyo. Yule bibi akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa kazi hiyo hiyo. Wakatazamana, wakacheka. Mimi sikuwa na la kutafsiri.

Mbele kidogo, karibu na uwanja wa kanisa la Carmine lenye kuba la vigae vya rangi, pua ya Mama ilituongoza. Ni kweli, alikuwa akinusa. “Dengu,” akasema. “Kuna mtu yuwakaanga dengu.”

Alikuwa kijana wa kama miaka 30, aproni imelowa mafuta, karai mbele yake pana na la kina. Kando kulikuwa na mrundo wa vipande vyembamba, rangi ya manjano hafifu, vyenye vidoa vya kijani. Ndiyo panelle. Unga wa dengu hukorogwa kwa maji na chumvi motoni bila kuacha mwiko, hadi ushikane kama sima, hutiwa majani yanayofanana na dania lakini yasiyo na harufu yake, hupakwa ukapoa, hukatwa, kisha hukaangwa.

Mama hakuangalia panelle. Aliangalia mafuta. Yalikuwa meupe, yanazunguka bila povu, na kila kipande kilipoingia kilizama kidogo kisha kikaibuka kikiimba. Kijana alivigeuza mara moja tu. Hakuvichokoa. “Mafuta haya hayajachoka,” Mama akasema. “Huyu yuwajua kazi.” Na pembeni walikuwa wamesimama wanaume watatu wa kubeba mizigo, mikokoteni yao imeegeshwa ukutani, wanakula bila kuzungumza. Mama alinionyesha kwa kidevu. Mahali wanapokula mahamali ndipo anapokula yeye, tangu zamani, hata pale sokoni Marikiti, Mombasa.

Lakini alinizuia. “Uliza kwanza. Isije ikawa ni mafuta ya nguruwe.”

Haikuwa hofu ya bure. Hatua chache tu kutoka pale mtu mwingine alikuwa akiuza mkate wa bandama, chakula kinachosifika sana Palermo, na bandama lile hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Kiitaliano changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Aliyetuokoa ni mwenye duka la nafaka, mtu wa Bangladesh, mmoja kati ya wengi waliohamia mtaa ule pamoja na Waghana, Wagambia na Watamili. Aliuona mtandio wa Mama, akatoa salamu, Mama akaitikia, na yaliyobaki yakawa mepesi. Alizungumza na kijana, akarudi. Mafuta ya mbegu, na karai ni la dengu na viazi tu, nyama haiingii. Yeye mwenyewe hula hapo kila Ijumaa akitoka msikitini.

Euro 2 kwa mkate mmoja. Mkate wa mviringo uliofunikwa simsim, umepasuliwa, ndani vipande sita vya panelle, na limau likakamuliwa juu yake. Mama alisema bismillahi, akauma. Nje ngozi nyembamba ilivunjika. Ndani laini, moto, karibu kama uji mzito. Nilimsubiri atoe ile chupa ya pilipili. Alikula nusu ya mkate, akala robo nyingine, akajipangusa midomo, akamalizia. Chupa ilibaki mkobani. Akasema, “Ongeza mwingine.”

Tuliposimama pale tukila wa pili, mchuuzi wa matunda nyuma yetu akapaza sauti: “Zibibbo! Zibibbo!” Mama akageuka. “Amesema zabibu?” Kweli alikuwa ameshika kichala cha zabibu nene, za kijani kinachoelekea dhahabu. Mama akamwendea, akanyoosha kidole: “Zabibu.” Yule mzee akamsahihisha kwa heshima: “Zibibbo.” Mama akarudia lake, mzee naye lake, mpaka mzee akatambua kwamba hakuna aliyekosea. Akang'oa tawi zima, akampa bure.

Waarabu waliuchukua mji ule mwaka 831, na Wanormani wakaja kuutwaa 1072, lakini maneno ya Kiarabu hayakuondoka na watawala. Jiko la kupikia Wasicilia huliita tannura, sisi tuna tanuri. Kiongozi wa wavuvi wa jodari alikuwa akiitwa rais. Nilimweleza Mama haya jioni tukiwa kwenye kibaraza, sahani ya pweza wa kuchemsha katikati yetu, naye akila kwa vidole. Nikamweleza na jambo nililokuwa nimemwekea tangu Munich: kwamba mwaka 1154, katika mji huu huu, mwanajiografia al-Idrisi alimkamilishia Roger II, mfalme Mnormani wa Sicilia, kitabu cha nchi zote za dunia, na ndani ya kitabu hicho imo Malindi, imo na Mombasa.

Aliacha kutafuna. “Mombasa yetu?”

“Mombasa yetu.”

Akatazama paa za nyumba, akafikiri. “Na chakula chetu alikisemaje?”

Nikamwambia kuwa ninachokumbuka ni habari za uwindaji na machimbo ya chuma. “Basi,” akasema, akavuta mkono wa pweza, “hakufika kwa mpishi.”

Tulikuwa na siku tatu Palermo, na asubuhi zote mbili zilizofuata tulikwenda kwa kijana wa panelle. Asubuhi ya mwisho foleni ilikuwa ndefu. Mama alizunguka meza pasi na kuniambia, akasimama upande wa mpishi, akakunja mikono ya gauni lake. Kijana alimtazama. Mama akanyoosha kiganja, kijana akampa kijiko cha matundu. Nilitaka kumwita arudi, nikanyamaza. Alikaanga makarai mawili. Alivitia vipande kutoka ukingoni, si katikati, ili mafuta yasimrukie, akangoja ile sauti ibadilike, akageuza mara moja. Watu kwenye foleni walipokea mikate yao, wakalipa, hakuna aliyelalamika. Siku zote kumi na mbili nilikuwa nimemshika mkono kwenye ngazi za stesheni, nimemsomea vibao, nimemsemea madukani. Pale nyuma ya karai hakunihitaji kwa lolote. Alikuwa Mama yangu wa barazani, yule ninayemjua, uso umeloa jasho, macho kwenye mafuta.

Kabla ya kuondoka alifungua mkoba, akatoa ile chupa ya ukwaju, imebaki robo, akaiweka juu ya meza ya kijana. Akamwonyesha: matone, si kumimina. Kijana akatia tone kwenye kipande, akaonja, akakohoa hadi machozi yakamtoka, kisha akawaita jirani zake mmoja mmoja waje waonje. Kwa yule Mbangladesh tukanunua kilo 2 za unga wa dengu. Nilimwambia Mama unga huo uko hata Mombasa. “Si huu,” akajibu, akaufunga ndani ya kanga yake katikati ya sanduku.

Alinipigia simu mwezi Novemba. Kabla hajasema kitu nilisikia mafuta.

“Imesimama,” akaniambia. “Mara mbili za kwanza ilikatika, leo imesimama. Nimetia dania, yale majani yao sikuyapata. Sasa hebu niambie, yule kijana alikata unene gani? Kidole kizima?”

“Nusu kidole, Mama.”

“Hapana. Nusu kidole yangu au yake?” Akanyamaza kidogo, anakumbuka. “Ilikuwa nyembamba kuliko hiyo. Ngoja.” Akaiweka simu kando ya karai bila kuikata, nami nikakaa kitandani Munich nikisikiliza kisu kikipita juu ya ubao.