Yaro uani Tanga: kumbukumbu ya tangu Aprili

Aprili 6. Wifi yangu amekuja likizo kutoka Ujerumani, na kwenye zawadi zake imo pakiti ya mbegu za yaro, mmea wa maua ambao kitaalamu unaitwa Achillea millefolium. Kwa mtu anayeshinda na mchicha na mabilinganya hapa Ngamiani, huyu ni mgeni wa heshima. Nimechora mfereji wa kina cha kidole, nikamwaga nusu ya pakiti, nikafukia. Jioni mvua ikapiga haswa.

Aprili 29. Hola. Kilichoota ni mchicha wa mwaka jana.

Mei 3. Nimempigia wifi, kacheka mpaka kakohoa. Kumbe nyuma ya pakiti imeandikwa wazi, kwa Kijerumani chao, kwamba mbegu hizi huota kwenye mwanga na hazifukiwi. Mimi nimezizika, masika yakashindilia kaburi. Nimemimina chache kiganjani nizione: bapa, rangi ya majivu, nyepesi kuliko za mchicha. Nilipohema tu, tatu zikapaa.

Juni 14. Nimesubiri masika yaishe na kipupwe kiingie. Safari hii ni beseni kuukuu nililolitoboa chini: mchanga sehemu mbili, vumbi la makumbi sehemu moja, samadi kiduchu. Yaro haitaki udongo ulionona. Ukiilisha sana inarefuka ovyo na kulala. Mbegu nimezichanganya na mchanga mkavu zisirundikane, nikazinyunyiza juu na kuzikandamiza kwa kiganja, basi. Maji ya juu yangezisomba, kwa hiyo nimelikalisha beseni ndani ya karai lenye maji linywe kwa chini, uso ulipolowa nikalitoa.

Bibi wa nyumba ya pili alinikuta nimeinama.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Leo unapanda vumbi?"

Juni 16. Sisimizi! Mstari mmoja kutoka ukutani hadi kwenye beseni, na wanaorudi kila mmoja kabeba mbegu yangu. Nimelipandisha beseni juu ya stuli na miguu yote minne nimeitia kwenye makopo ya maji, kama nyumbani walivyokuwa wakifanya kwa kabati la chakula. Upande mmoja wa beseni umebaki mtupu.

Juni 24. Siku ya kumi, zimeota! Vijani viwili viwili, kila kimoja hakifiki punje ya ulezi. Nimeita watu wote wa nyumba waje kuona. Hawakuona kitu.

Julai 9. Miche kama thelathini imelala kwa usiku mmoja, shina limenywea pale linapogusa udongo. Ni ukungu, na kosa ni langu: nimeibananisha na nilikuwa naimwagilia jioni, ikilala na maji. Nimeng'oa iliyosongamana. Sasa namwagilia asubuhi tu, na beseni nimelihamishia barazani linapopita upepo.

Agosti 20. Miche 11 imehamia kwenye tuta, nafasi ya futi moja na nusu. Tuta nimeliinua kwa mchanga na kokoto ili maji yasituame. Majani sasa yamechanikachanika kama unyoya wa kifaranga. Hilo millefolium maana yake ni majani elfu. Ukilisugua jani, linatoa harufu kali ya dawa. Bibi kanusa, akauliza linatibu nini. Nikamwambia Wazungu wa zamani walilikandika kwenye majeraha kuzuia damu, na hata jina Achillea linatokana na Achilles, shujaa wa hadithi za Wagiriki. Mimi siichemshi wala siinywi, nimepanda nione maua.

Novemba 12. Vuli imenifundisha kwamba jua la Tanga yaro inalivumilia, ila unyevu wa Tanga hauiachi salama. Miche miwili imeoza katikati, imebaki pete ya majani. Iliyobaki nimeikata majani ya chini upepo upite. Ajabu, wakati hiyo inaoza, mwingine umetambaza mzizi chini kwa chini na kuchipua shubiri nzima pembeni, karibu na mabilinganya yangu. Nimechimbia kipande cha bati kiwe mpaka.

Desemba 18. Mashada yamejaa, maua hakuna. Kwa kawaida yaro ya mbegu huchanua mwaka wa pili, kwa hiyo sina haraka. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mmea huu husukumwa kuchanua na mchana mrefu. Kwa wifi, mwezi Juni, mchana unafika saa 16. Hapa kwetu, Juni au Desemba, jua ni la saa 12 hivi, likipungua au kuzidi kwa dakika chache tu, mwaka mzima. Huenda yaro yangu ingekaa miaka na miaka inasubiri kiangazi cha Ulaya.

Basi nimevuta waya kutoka barazani, nikaning'iniza taa juu ya tuta. Inawaka toka saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku. Nimetia taa ndogo kabisa ili LUKU isilie. Jana usiku bibi kasimama uchochoroni akaangalia muda mrefu.

"Mwanangu, na majani nayo yanaogopa giza?"