Unapoanza kumdai Mungu

Kiburi cha mtu mwovu hakimsumbui sana mchungaji, kwa kuwa kinaonekana. Kigumu ni kile cha mtu mwema: mama aliyeimba kwaya miaka 15, mzee wa kanisa asiyekosa ibada, kijana anayefunga kila Jumatano na kutoa fungu la kumi kabla hajalipa kodi ya chumba. Hawaibi, hawazini, hawagombani na mtu. Ila polepole wameanza kuweka daftari la madeni kama la muuza duka. Huku niliyomfanyia Bwana, huku aliyonifanyia, na hesabu ikifungwa Bwana bado anadaiwa.

Deni hilo halitamkwi. Hakuna anayesimama kutoa ushuhuda akasema Mungu ana deni langu. Linajitokeza siku mwingine anapopata. Aliyeokoka mwaka jana kaolewa, aliyekuwa mlevi kapata kazi, binti asiyefika hata mazoezini kapewa kuongoza sifa. Moyo ukiuliza "na mimi je?", chunguza hapo hapo. Jana ulikuwa umekosa vilevile na ulikuwa umetulia. Kilichoongezeka leo ni kupata kwa mwenzako.

Mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, huwa tunausoma peke yake, kumbe ni mwendelezo wa jibu alilopewa Petro. Katika 19:27 Petro aliuliza: tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi? Yesu hakumkemea kwa kuuliza. Alimwahidi yeye na wenzake viti 12, kisha akaendelea na habari ya vibarua. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu, maana saa ambazo mwenye shamba aliajiri watu ni saa zetu hizi hizi: saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja jioni. Wa alfajiri walipatana dinari moja, ujira wa kawaida wa kutwa. Jioni msimamizi anaagizwa aanze kulipa na wa mwisho, na agizo hilo dogo ndilo linaloleta ugomvi. Angeanza na wa alfajiri, wangepokea dinari yao, wakashukuru na kwenda zao. Hawakupunjwa hata senti. Walikasirika kwa sababu walisimama pale wakaona aliyefanya saa moja anapewa dinari ile ile.

Kaka mkubwa wa Luka 15, katika mfano wa mwana mpotevu, ndiye anayetufaa zaidi sisi tuliokaa kanisani muda mrefu, ingawa mahubiri mengi huishia kwa yule mdogo. Mstari wa 12 unasema baba aliwagawia mali yake, maana yake wote wawili. Kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 21:17, mzaliwa wa kwanza alipata sehemu mbili. Wakiwa wana wawili, hizo ni theluthi mbili za mali. Basi huyu anayenung'unika nje kwamba hajapewa hata mwana-mbuzi, zizi lote lililobaki lilikuwa fungu lake. Msikilize anavyosimulia maisha yake: "nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako". Hivyo ndivyo kibarua anavyoongea na tajiri wake, na huyu anaongea na baba yake mzazi. Akifika kwa mdogo wake hasemi ndugu yangu, anasema "huyu mwana wako". Miaka yote ya kazi shambani haikumpa furaha ya mali wala upendo wa ndugu, na yeye mwenyewe hakujua mpaka siku ya ngoma ya kumpokea mdogo wake aliyerudi.

Kwenye maombi tabia hii ina sauti yake. Naamuru, natangaza, nadai haki yangu, Mungu ni lazima utende usiku huu. Kumkumbusha Mungu ahadi zake si kosa. Musa alifanya hivyo katika Kutoka 32:13. Ila tazama alikuwa anamwombea nani: watu waliokuwa wametoka kuabudu ndama. Na alitaja nini: kiapo cha Mungu kwa Ibrahimu, Isaka na Israeli. Hakutaja siku zake 40 mlimani. Kipimo kiko hapo. Ukimkumbusha Mungu, unakumbusha neno lake au mkesha wako? "Bwana, wajua nimefunga siku 21" ni sala ya Farisayo wa Luka 18, aliyefunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yote. Mfano haudokezi kwamba alidanganya hata kidogo. Kufunga kwake kulikuwa kwa kweli, ila alikuleta kama risiti.

Kuna wanaodai namna, hata kama hawadai kitu chenyewe. Katika 2 Wafalme 5, Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, alifika kwa nabii Elisha na talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi, halafu nabii hata hakutoka mlangoni, akamtuma mjumbe na agizo la kwenda kuoga mtoni. Hasira ya Naamani inaanza na neno "nalidhania". Alishapanga nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina la Bwana, atapitisha mkono. Akageuka kurudi Shamu na ukoma wake kwa sababu ya itifaki, na waliomwokoa ni watumishi wake, waliomsihi atii. Leo hali hiyo ipo kila kanisa kubwa: mgonjwa anayeona hajaombewa kwa kuwa aliyekuja ni mzee wa jumuiya badala ya askofu.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili, na wanaoumizwa ni wenye maumivu. Kulia mbele za Mungu si kumdai. Hana katika 1 Samweli 1 alilia mpaka kuhani akamdhania amelewa. Zaburi 13 inauliza "hata lini?" mara nne, na Zaburi 88 inamalizika gizani bila neno la faraja. Mwenye kulia anaendelea kuongea na Mungu hata akiwa amekasirika. Mwenye kudai ananyamaza, anapunguza sadaka, anaacha kuja ibada ya katikati ya juma, anasubiri Mungu aje kumbembeleza. Kwa hiyo mama aliyepoteza mtoto akiuliza kwa nini, tafadhali usimwambie ana roho ya kudai.

Sadaka ni eneo ambalo tabia hii inapandwa makusudi. Mtu akifundishwa kwamba elfu kumi ni mbegu ya laki moja, amefundishwa kukopesha, na mkopeshaji ana haki ya kukasirika asipolipwa. Ndiyo maana wengi wanaoacha kanisa baada ya kutoa akiba yao yote hawaachi kwa mashaka ya imani. Wanaacha kama mteja aliyetapeliwa. Malaki 3:10 inawaalika watu kumjaribu Mungu, hilo liko wazi, lakini soma na mstari wa 14 wa sura hiyo hiyo, ambapo wanalalamika kwamba kumtumikia Mungu hakuna faida. Andiko linalofundisha namna ya kutoa ni Kumbukumbu la Torati 26. Mkulima analeta kikapu cha malimbuko na kutamka maneno aliyopewa: baba yangu alikuwa Mwarami wa kutangatanga, tulikuwa watumwa Misri, Bwana akatutoa, na sasa nimeleta malimbuko ya nchi uliyonipa. Anakiri alikotoka kabla ya kukiweka kikapu. Unaweza kufanya hivyo na bahasha yako: kabla ya kuifunga, taja vitu vitatu ulivyonavyo ambavyo hukuvipata kwa nguvu zako, kwa majina yake. Kisha toa, na usiandike ombi nyuma ya bahasha. Ombi lina wakati wake.

Viongozi wana hatari yao. Wana wa kuhani Eli hawakuanza na uzinzi. Habari yao katika 1 Samweli 2 inaanza na nyama. Mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu, kisha akataka nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa, na mwabudu akisita alitishiwa kunyang'anywa. Walikuwa na fungu halali. Walawi 7 inataja kidari na paja la kulia. Waliona halitoshi cheo chao. Kiongozi wa leo ajiangalie kwenye mambo madogo: kiti chake kikikaliwa, jina lake likisahaulika kwenye utambulisho, chakula cha wageni kikichelewa.

Tiba. Kwanza pima. Chukua karatasi, na kwa siku saba andika kwa ufupi ulichoomba mara tu unapomaliza kuomba. Siku ya nane weka alama: shukrani, toba, ombi kwa ajili ya wengine, ombi kwa ajili yangu. Usishangae safu ya mwisho ikiwa ndefu, kuomba mkate wa kila siku tumeamriwa. Angalia zaidi shukrani: zina vitu halisi, au ni "asante kwa uzima" ile ile kila asubuhi? Shukrani ya jumla haimgusi anayeisema. Taja daktari aliyekupokea, mvua ya juzi, jirani aliyekulelea mtoto. Na epuka mtego mwingine, wa kushukuru ili uongezewe. Hapo daftari limerudi kwa jalada jipya.

Pili, tafuta huduma moja isiyo na kipaza sauti wala cheo, uifanye miezi mitatu bila kumwambia mtu: kufagia, kupanga viti, kuosha vyombo baada ya kongamano. Wengi huanguka wiki za mwanzo, mtu anapopita bila kusema asante na wao wakajikuta wanatafuta njia ya kumjulisha. Ukifika hapo usiache. Ndiyo kazi yenyewe imeanza, na Luka 17:10, "tumefanya tu yaliyotupasa kufanya", imeandikwa kwa ajili ya siku hiyo.

Tatu, yule aliyepata ulichokitaka, mwombee kwa jina, ukimwombea aongezewe kitu hicho hicho. Unatamani ndoa? Ombea ndoa yake. Utaomba huku umeuma meno siku kadhaa za kwanza, na haidhuru. Ikishindikana kabisa, nenda kwa mtu mmoja unayemwamini ukaungame. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliosambaa kutoka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ulitufundisha jambo hapa: watu walitaja dhambi yenyewe, na walioiba walirudisha. "Niombeeni nina udhaifu" haimponyi mtu. Sema "ninamwonea wivu fulani tangu alipopewa uongozi wa kwaya". (Hata uamsho huo baadaye ulizaa makundi yaliyojiona yameamka kuliko wenzao, kwa hiyo kuungama nako kunaweza kugeuka sifa.)

Matokeo hayatabiriki. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondolewe akajibiwa neema yangu yakutosha, na mwiba ukabaki. Shadraka, Meshaki na Abednego walikubali mapema uwezekano wa kutookolewa na tanuru la moto, wakisema "bali kama si hivyo" katika Danieli 3:18, na wakaokolewa. Ukisema "bali kama si hivyo" kwa hesabu kwamba hiyo ndiyo itakayofungua mlango, bado unadai.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili: mimi si kitu, sistahili, basi siombi lolote. Katika Luka 7 wazee wa Kiyahudi walisema akida, yaani ofisa wa jeshi, anastahili kwa kuwa amewajengea sinagogi. Yeye akatuma ujumbe kwamba hastahili, na bado akaomba, tena ombi kubwa, mtumishi aponywe kwa neno tu.

Na mafundisho haya yasitumike kufunga midomo ya wenye haki zao. Mlinzi wa kanisa asiyelipwa miezi minne hana roho ya kudai. Anadai mshahara, na 1 Timotheo 5:18 inasema mtenda kazi astahili ujira wake. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele mpaka kwenye masikio ya Bwana wa majeshi. Baraza la wazee linalomwambia mlinzi huyo ajifunze unyenyekevu lianze kwa kumlipa malimbikizo yote, kisha limwombe radhi.