Ukurasa wa kushoto: mwaka wangu wa kwanza na wa pili na madaftari shirikishi

Nilikuwa na madaftari 48 mezani na kikombe cha chai kilichopoa. Mada ilikuwa usanisinuru. Kila daftari nililofungua, ukurasa wa kulia ulikuwa safi: kabonidayoksaidi na maji, kwa nishati ya mwanga, hutoa sukari na oksijeni. Mishale imenyooka, vichwa vya habari vimepigwa mstari kwa rula. Kama ningesahihisha upande huo tu, ningeweka vema zangu 48 nikaenda kulala.

Upande wa kushoto nilikuwa nimewapa swali moja. Katika karne ya 17, mwanasayansi Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mwerebi ndani ya chungu chenye udongo mkavu aliokwisha kuupima, paundi 200, yaani kilo 90 hivi. Mche ulikuwa na paundi 5. Kwa miaka 5 hakuongeza kitu ila maji. Mwisho mti ulifika paundi 169, kama kilo 76 na zaidi. Swali: uzito huo wote umetoka wapi?

Wengi wao wakaandika kwamba mti umekula udongo. Waliandika hivyo kwa uhakika, sentimita chache kutoka kwenye mlinganyo walioutia rangi wenyewe. Mmoja alichora mizizi yenye midomo, na ile midomo ina meno.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kazi ya daftari la aina hii. Kusema kweli nilikuwa nimelitumia mwaka mzima kabla ya hapo, na nilikuwa nalitumia vibaya.

Kwa asiyelijua, utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kurasa mbili zinazotazamana huhesabiwa kuwa somo moja. Wa kulia hupokea: maelezo ya mwalimu, mchoro, fasili, vipimo vya jaribio. Wa kushoto ni wa mwanafunzi, na humo anaonyesha ameyafanyia nini aliyoyapokea. Anaweza kuchora, kulinganisha, kuuliza, kubashiri, kueleza upya kwa maneno yake. Kurasa zote zina namba, na mbili au tatu za mwanzo huachwa kwa ajili ya yaliyomo, zikijazwa somo baada ya somo. Wapo walimu wanaogeuza, kushoto kukawa kwao na kulia kwa wanafunzi. Haidhuru, ila usibadilishe katikati ya mwaka, nililijaribu hilo na sitaki hata kulisimulia.

Mwaka wa kwanza nilipotelea kwenye gundi. Nilikuwa nimeona picha za madaftari ya kupendeza mno, yenye vikaratasi vinavyofunguka kama madirisha, bahasha ndogo zilizobandikwa, magurudumu ya karatasi yanayozunguka. Nikaingia darasani na mikasi na karatasi zilizopigwa chapa. Kipindi cha dakika 80, dakika 25 zinaishia kwenye kukata. Nusu ya gundi inaishia kwenye madawati. Daftari la kurasa 96 likavimba hadi halifungi, na kufikia katikati ya mwaka jalada la nyuma limeng'oka kwa uzito.

Lakini uchafu haukuwa tatizo lenyewe. Nilipochunguza yale madirisha ya karatasi, nje kumeandikwa "osmosisi", ukifungua ndani unakuta fasili ya osmosisi, ileile iliyoko ukurasa wa kulia, nukta kwa nukta. Nilikuwa nimewapa watoto kazi ya kunakili mara mbili, mara ya pili kwa mkasi. Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu alipita akatazama akasema, "Mwalimu, watoto wako wanajua kubandika." Nilicheka, ingawa alikuwa amenigusa pabaya.

Kwa hiyo baada ya yale madaftari 48 ya usanisinuru nilibadilisha mambo mawili, na kwangu hayo ndiyo yaliyobeba karibu kila kitu.

La kwanza: ukurasa wa kushoto hujazwa ukurasa wa kulia ukiwa umefunikwa. Wanachukua karatasi yoyote, wanaiweka juu ya maelezo, halafu wanaandika. Siku ya kwanza walilalamika kana kwamba nimewaibia. "Mwalimu, sasa tutajuaje?" Nikawaambia hilo ndilo ninalotaka kulijua na mimi. Baada ya dakika 8 au 10 wanafunua, wanachukua kalamu ya rangi nyingine, na wanajisahihisha wenyewe juu ya kosa, bila kufuta. Kosa linabaki linaonekana, na sahihisho linakaa kando yake.

Sikulibuni hili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini wasome. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakatakiwa kuandika wanachokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yakageuka, na waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na kingi zaidi. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka wanafunzi wangu wanavyojiandaa kwa mtihani: wanafungua daftari, wanalitazama, wanaona linafahamika, wanalifunga wakiwa na amani. Amani ya dakika 5.

La pili: swali la kushoto liwe moja, na jibu lake lisiwe limekaa tayari kulia. Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapokuwa ngumu, maana kutunga swali la namna hiyo kunachukua muda kuliko kuandaa somo lenyewe. "Andika muhtasari" halikunipatia kitu. "Chora chochote kuhusu mada" kulinipatia maua pembeni mwa ukurasa. "Tunga shairi kuhusu seli" kulinipatia mashairi mazuri mawili na vina vingine 46 visivyo na seli ndani yake.

Yaliyofanya kazi yalikuwa mengine. Kwenye mzunguko wa damu nilisema: vali moja ya moyo imelegea, haifungi vizuri, fuata damu na useme itafika wapi isikotakiwa. Hapo hakuna pa kunakili. Kuna aliyechora mshale mzuri kutoka ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, kwenda aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, kisha mshale wa pili unarudi nyuma kwenye atriamu, chumba cha juu, kisha akaandika kwa herufi ndogo, "kwa hiyo moyo utafanya kazi ileile mara mbili?" Swali hilo lilinipa somo la siku iliyofuata. Kwenye mmeng'enyo wa chakula niliwapa mwongozo wa uongo wenye makosa 3 wayatafute. Kabla ya jaribio lolote walitakiwa kubashiri kushoto kwa sentensi moja, na ubashiri haukosolewi hata ukienda kombo.

Ule mwerebi tuliurudia. Niliwaambia sehemu niliyokuwa nimeificha: van Helmont aliukausha tena ule udongo akaupima, akakuta umepungua wakia 2 tu hivi, kama gramu 57. Darasa likanyamaza. Mwenye mizizi ya meno akasema, "Basi ni maji." Nikamwambia hata van Helmont alihitimisha hivyohivyo, na kazi yake ilichapishwa mwaka 1648, akiwa amekwisha kufa, ikiwa na hitimisho hilo. Maji yamo kweli, lakini hayatoshi. Nikawaachia dakika 10 na ukurasa mpya wa kushoto. Mlinganyo walikuwa nao tangu wiki iliyopita. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuinua vichwa, wakitazama dirishani, na sauti ikatoka nyuma: "Mti umetengenezwa na hewa?" Aliuliza kama mtu anayeogopa kuchekwa. Sehemu kubwa ya mti mkavu, ndiyo, kaboni yake ilitoka hewani.

Kulikuwa bado na tatizo la usafi. Wanafunzi waliozoea kusifiwa kwa mwandiko ndio walioteseka zaidi na kanuni ya kutofuta. Binti mmoja alikuwa akiandika kwanza kwenye karatasi ya pembeni, anasahihisha huko, kisha anahamishia kwenye daftari likiwa safi. Sikumkemea. Nilichofanya ni kuwaonyesha picha ya ukurasa wa daftari la Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, la mwaka 1837, lile analoliita B. Juu ameandika "nadhani", chini yake kuna mti uliochorwa ovyo wenye matawi yanayogawanyika, maneno yamebanwa pembeni. Ukimpa mwalimu mkali angemrudishia aandike upya. Daftari hilo lilipotea katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge kwa miaka mingi, likarudishwa mwaka 2022 na mtu asiyejulikana, ndani ya mfuko wa zawadi wa rangi ya waridi. Habari ya mfuko waliipenda kuliko habari ya mageuko ya viumbe, lakini neno "nadhani" lilibaki. Wakaanza kulianzisha wenyewe kwenye kurasa zao. Yule binti naye, baada ya wiki kadhaa, nikaona ukurasa wake una mistari miwili iliyokatwa.

Kusahihisha nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna siri. Kukusanya madaftari yote kwa mpigo ni kujiua, nimeacha. Nachukua 10 kwa siku, nasoma kushoto tu, naandika swali moja badala ya alama. Mwanafunzi anajibu chini yake. Alama natoa mara chache, kwa vitu vitatu: namba na yaliyomo vimekamilika, ukurasa wa kushoto unaonyesha fikra yake na si nakala, na makosa yamesahihishwa kwa rangi ya pili. Rangi nyingine zote, mapambo, vichwa vya habari vyenye kivuli, havina alama. Waliokuwa wakiishi kwa mapambo walinuna kidogo.

Sidai kwamba mfumo huu umeniondolea shida. Wapo wanaoandika kushoto sentensi moja fupi na kukaa wakisubiri kengele. Mada nyingine, kama majina ya mifupa, hazina ukurasa wa kushoto wa maana hata ukijipinda vipi, na siku hizo naruhusu wajiulize maswali wawili wawili na tunaendelea. Pia lazima niseme kwamba unafundisha mada chache kwa muda uleule. Mwaka wa pili nilichelewa wiki mbili nyuma ya mpango wangu na ilinibidi nipunguze maelezo ya kulia, jambo ambalo pengine ningepaswa kulifanya zamani. Ukurasa mmoja wa kulia kwa somo, ukizidi hapo nimeandika mno.

Kwa ajili ya wasiokuwepo darasani, ninaweka daftari langu mwenyewe, lenye kurasa na namba zilezile, likae juu ya kabati. Aliyeumwa analichukua, ananakili kulia, halafu kushoto anajaza la kwake. Ili wasinakili na kushoto kwangu, nami huwa najibu swali kwa kufunika, na makosa yangu nayaacha. Ukurasa wa 22 nimechora figo imepinduliwa. Nimeisahihisha kwa kijani.

Wiki iliyopita mvulana mmoja aliyekuwa mgonjwa alilirudisha, akalifungua mbele yangu palepale kwenye ukurasa wa 34. Kulia pamejaa. Kushoto peupe.

"Mwalimu, hapa hujajaza."

Nikamwambia nilikuwa na mambo mengi wiki ile. Akanitazama jinsi ninavyowatazama wao, akaenda kukaa. Swali la ukurasa ule lilikuwa kwa nini mmea uliofungiwa gizani hurefuka haraka kuliko ulio kwenye mwanga. Nimechukua karatasi, nimefunika kulia, nimeandika "nadhani".