Miezi minne ya kelele, Jumamosi moja ya kulipatia sauti gitaa la pedeli

Hapa Kirumba, Mwanza, sijaona mtu mwingine mwenye gitaa la pedeli, lile lenye pedeli unazokanyaga kubadilisha noti za nyuzi. Langu nililinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, nikalilipia kidogo kidogo kwa hela ya dagaa. Lina nyuzi kumi, limelala juu ya miguu minne kama meza, na sauti yake ndiyo ile inayolia kwenye kantri za Marekani, na ambayo Demola Adepoju aliipiga kwenye muziki wa juju wa Mnigeria King Sunny Adé.

Fundi mmoja wa Makoroboi aliniuzia ampli ya gitaa la solo. Akanielekeza: "Midi juu, trebo juu, likate." Yaani sauti za kati na sauti nyembamba ziwe juu, gitaa lisikike juu ya vyote. Nikamwamini. Jumapili hiyo kanisani, nilipougusa uzi wa tatu, noti ya G# ya juu, ule mwembamba kuliko wote, niliona watoto wa mbele wanaziba masikio. Baada ya ibada mama mmoja wa sauti ya pili kwenye kwaya akanishika mkono: "Mwanangu, unapiga vizuri, ila linatoboa." Yule fundi nilipomrudia akasema tatizo ni mikono yangu. Iliniuma sana, maana mazoezi nafanya kila siku.

Pikapu za gitaa hili, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zina nguvu kuliko za solo, kwa hiyo ampli ndogo inakwaruza mapema. Nikatafuta ampli ya kinanda iliyotumika, spika inchi 15, laki tatu na ushee. Hapo ukwaruzaji ukaisha, lakini ile sauti ya kutoboa, ya puani, ikabaki.

Jumamosi nikaenda kanisani mapema, nikamsimamisha mdogo wangu mlangoni kabisa, kwa sababu anayekaa nyuma ya ampli hasikii wanachosikia watu. Ampli hii ina nobu mbili za midi: moja ya kuongeza na kupunguza, nyingine ya kuchagua ni midi ipi. Nikaongeza ile ya kwanza mpaka mwisho, makusudi, iwe mbaya kabisa. Kisha nikawa napiga uzi wa tatu huku nazungusha ile ya pili taratibu. Ilipofika karibu na 800 Hz, mdogo wangu akapiga kelele, "Hapo hapo! Kaka, hapo ndipo panauma!" Nikaiacha palepale, nikarudisha ile ya kwanza chini, chini ya nusu kabisa. Nikapiga tena. Uzi ule ule ukatoka mviringo, unateleza. Nilikaa kimya kidogo, machozi yalikuwa karibu.

Trebo niliipunguza pia, besi nikaiacha juu kidogo ya nusu. Mwangwi kidogo sana, bati na kuta za saruji zina mwangwi wao. Ampli niliipandisha juu ya kreti la soda, maana ikikaa sakafuni besi inavimba. Na haya yote yafanye kwa sauti ya ibada. Nilichokipanga chumbani kwa sauti ndogo kiliharibika mara kwaya ilipoanza.

Pedeli ya sauti nayo, ile ya mguu ya kuongeza na kupunguza volumu: fundi alisema niikanyage yote. Usifanye hivyo. Ampli iwe na sauti ya kutosha ili unapopiga mguu uwe katikati, halafu noti inapofifia unasukuma pole pole, inaendelea kuimba.

Nimebandika plasta nyeupe pembeni ya kila nobu na kuchora alama kwa kalamu. Mvua ikipiga bati, naongeza volumu tu.